Streptomisini: Sindano Iliyotibu Kifua na Kudhuru Sikio

Streptomisini ndiyo antibiotiki ya kwanza iliyoweza kumshinda bakteria wa kifua kikuu ndani ya mwili wa binadamu, na ndiyo ya kwanza kujulikana kuwa inaharibu sikio la ndani. Kwa miongo kadhaa wagonjwa wa TB wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, nchini Kenya, walidungwa dawa hiyo makalioni. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliacha kuwapendekezea wanaotibiwa mara ya pili mseto wa dawa uliokuwa na sindano hiyo. Mwaka uliofuata likasema kanamaisini na kapreomaisini nazo zisitumike tena kwa TB sugu, kwa kuwa hasara yake ilizidi faida.

Masikio kulia baada ya dawa si jambo geni ukanda wa Ziwa Viktoria, kwenye malaria isiyokwisha. Anayemeza kwinini huambiwa mapema kwamba masikio yatavuma. Mvumo huo kwa kawaida huisha pamoja na dozi. Wa streptomisini mara nyingi hauishi.

Dawa yenyewe ilipatikana Oktoba 1943 katika chuo cha Rutgers, Marekani. Albert Schatz, mwanafunzi wa miaka 23, alikuwa akifanya kazi katika chumba cha chini ya jengo, mbali na wenzake walioogopa vijidudu vya kifua kikuu. Kiumbe kinachotoa dawa alikipata mara mbili: kwenye udongo wenye samadi, na kwenye ute wa koo la kuku. Mkuu wake, Selman Waksman, alitangaza matokeo pamoja naye mwaka 1944, kisha wote wawili wakakiachia chuo haki zao za uvumbuzi. Schatz aliamini hakuna anayefaidi. Baadaye akagundua kwamba Waksman alikuwa akilipwa mrabaha kimyakimya. Machi 1950 akampeleka mahakamani profesa wake, jambo ambalo katika dunia ya wasomi wa wakati huo lilionekana karibu na laana. Kabla mwaka haujaisha waliafikiana nje ya mahakama: Schatz atambuliwe kisheria kuwa mvumbuzi mwenza na apate asilimia 3 ya mrabaha. Ushindi huo ulimfungia milango ya maabara kubwa, na mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ikaenda kwa Waksman peke yake. Rutgers ilimpa Schatz nishani mwaka 1994, nusu karne baadaye. Ugomvi wote ulihusu jina na fedha. Sikio halikutajwa, ingawa habari zake zilikuwa zimeshajulikana.

Waliozileta ni William Feldman na Corwin Hinshaw wa Mayo Clinic, waliomtibu mgonjwa wao wa kwanza Novemba 1944. Mwaka uliofuata walikuwa tayari wameripoti kizunguzungu na kupotea kwa mizani ya mwili. Uingereza ilipochapisha jaribio lake maarufu mwaka 1948, takwimu zilikuwa na sura mbili. Kati ya wagonjwa 55 waliodungwa, 4 walikufa katika miezi sita. Kati ya 52 waliolazwa tu kitandani, walikufa 14. Lakini wagonjwa 36 kati ya wale 55 walipata kizunguzungu. Walikuwa wakipewa gramu 2 kwa siku, kiasi ambacho baadaye kilipunguzwa hadi gramu 1 au chini, na idadi ya walioumia ikashuka.

Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma, mna mfereji uliojikunja kama konokono kwa ajili ya sauti, na vifereji vitatu vya nusu duara vinavyosaidia kupima mizani. Vyote hutegemea seli zenye vinyweleo. Dawa za jamii ya streptomisini huingia katika seli hizo na kukaa muda mrefu kuliko zinavyokaa katika damu. Kanamaisini na amikasini hushambulia zaidi upande wa sauti. Sauti nyembamba hutangulia kupotea, kwa hiyo mgonjwa husema anasikia watu wakizungumza ila maneno hayashiki. Streptomisini hupendelea upande wa mizani. Aliyeumia hapo hutembea kwa kuegemea macho yake: mchana anajimudu, giza likiingia anapepesuka. Kwa mvuvi wa omena wa Dunga au Mbita, anayesimama kwenye mtumbwi usiku usio na mwezi huku taa zikielea mbali majini, dosari hiyo inatosha kumfukuza kazini. Seli za binadamu zikifa hazioti tena. Za kuku huota, jambo lililothibitishwa miaka ya 1980. Ndege yuleyule aliyechangia dawa hana cha kuogopa.

Si kila anayedungwa huathirika. Mwaka 1993 watafiti walieleza badiliko la jeni, linalorithiwa kwa mama pekee, ambalo humfanya mtu apoteze usikivu hata kwa dozi ndogo. Figo dhaifu na uzee pia huongeza hatari. Wajawazito hawakupaswa kupewa kabisa, kwa kuwa dawa hufika kwenye masikio ya mtoto tumboni.

Afrika Mashariki ina sehemu yake ya fahari. Majaribio yaliyofanywa na Waingereza pamoja na wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo matokeo yake yalianza kutoka mwaka 1972, yalionyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya kumi na minane. Mingi ya mipango hiyo ilikuwa na streptomisini ya kila siku. Fahari hiyo haizungumzwi Kisumu. Iliyokuwa hospitali kubwa ya mkoa, ambayo wakazi bado huiita Russia, hukumbukwa kwa risasi zilizoua watu siku ya ufunguzi wake, 25 Oktoba 1969. Sindano za kila asubuhi hazina kumbukumbu.

Virusi vya UKIMWI vilipoenea Nyanza kuliko kwingine nchini, TB ilirudi kwa kishindo, na aliyerudia matibabu alipangiwa miezi miwili ya sindano. Kila siku alifika zahanati, nesi akachanganya unga na maji ndani ya kichupa chenye kizibo cha mpira, akadunga. Kichupa kilikuwa cha bei nafuu. Kifaa cha kupima usikivu hakikuwa hivyo, na wataalamu wake wengi wako Nairobi hadi leo. Aibu hiyo ni ya mipango, si ya manesi.

Tiba ya TB sugu sasa ni vidonge, bedakwilini ikiwemo. Amikasini imebaki akiba, kwa sharti kwamba masikio yapimwe. Jentamaisini, dawa ya ukoo uleule, ingali inadungwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, kwa siku chache na kwa kipimo cha uzito.