Dawa za maumivu zinavyoweza kuupokonya mwili virutubishi

WENGI wetu hukimbilia tembe za kutuliza maumivu kila kichwa kinapogonga au mgongo unapouma, bila kufahamu kwamba zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kuupunguzia mwili virutubishi muhimu.

Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hata hivyo, baadhi ya kemikali hizo ndizo hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Zinapopungua, ukuta huo huchubuka na kuvuja damu kidogo kidogo, pengine bila mtu kuhisi lolote.

Damu hiyo hupotea pamoja na madini ya chuma. Hatimaye mgonjwa hupungukiwa na damu, huchoka upesi, huumwa na kichwa, kisha humeza tembe zaidi.

Parasetamoli haichubui tumbo kwa namna hiyo, lakini ikizidi humaliza glutathioni, kinga ambayo ini hutumia kuondoa sumu ya dawa hiyo. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500.

Anayelazimika kutumia dawa hizi mara kwa mara apimwe damu, ale maharagwe, ndengu na maini pamoja na matunda kama machungwa, na asinywe chai wakati wa mlo kwani huzuia chuma kufyonzwa. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami aende hospitalini mara moja. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kabla ya kumuuliza daktari.