Kadhi wa Ugenini

Msomaji kijana, huenda una ndugu au jirani aliye daktari, mwalimu au mhandisi katika nchi ya mbali. Kama umepata kujiuliza ni kitu gani kilichomvuta kuacha kwao, sikiliza habari za Ibn Battuta, mwanachuoni wa sheria aliyezaliwa Tangier, nchini Moroko, mwaka 1304.

Mwaka 1325 aliondoka kwao kwenda kuhiji Makka. Alipomaliza hija hakurejea. Alizuru nchi nyingi, hata pwani yetu, akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kisha akaelekea Bara Hindi, na safari hiyo ilikuwa ya kutafuta kazi. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alipenda kuwapa wageni wenye elimu vyeo na mali, akaamuru waitwe waheshimiwa. Ibn Battuta akafanywa kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Kwa kuwa hakuijua vema lugha ya mji ule, alipewa wasaidizi wawili.

Usidhani kwamba fedha peke yake ndiyo iliyomvuta. Kwao alikuwa mmoja katika wanachuoni wengi. Delhi elimu yake ilikuwa adimu, na kilicho adimu hupanda thamani. Tena Sheria ya Kiislamu ilifuatwa katika nchi nyingi, hivyo mtaalamu wake aliweza kubeba kazi yake kichwani, akaifanya po pote alipotua.

Lakini neema ile ilikuwa na gharama. Aliingia katika deni la dinari 55,000, mpaka sultani akamlipia. Baadaye sultani huyo huyo alimshuku, akamweka chini ya ulinzi, naye akahofia maisha yake. Mgeni hana ukoo wa kumtetea. Akikasirika aliyempa kazi, hana pa kukimbilia.

Aliondoka Delhi, akazunguka miaka mingine, akarejea Moroko mwaka 1349. Alipokaribia kwao alipata habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Baba yake alikwisha fariki zamani. Mwisho wa maisha yake alikuwa kadhi katika nchi yake mwenyewe.

Wahenga walinena: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nawe ukiitwa ugenini siku moja, pima unachokwenda kupata. Kisha mtazame vizuri unayemwacha mlangoni.