Mtoto Ametoka Kilima Gani?

Fomu ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu aliyepotea huuliza jina, jina la baba, jina la mama, umri, mahali pa kuzaliwa, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na alikuwa na nani. Nafasi ya kuandika unamshuku nani haimo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Kasulu vita vya Burundi vilipotuletea watu, nikajitolea kusaidia kujaza fomu hizo kambini, na kila mzazi niliyekaa naye alitaka kunieleza hasa lile ambalo fomu haikuuliza: nani kamchukua. Nilimsikiliza. Ungemkatizaje mama aliyepotelewa na mtoto? Ila kalamu niliiweka chini mpaka amalize.

Siku hizi picha ya mtoto aliyepotea inapozunguka kwenye simu zetu, naona sehemu ile tu ambayo kalamu yangu ilikuwa inairuka. Ndiyo maana nimetaka kusimulia tulivyowatafuta watoto huku Uha, nchi yetu sisi Waha, na yale tuliyokuwa tukinong'onezana wakati tunawatafuta.

Rais Ndadaye aliuawa Bujumbura tarehe 21 Oktoba 1993. Muda si muda watu wa Ruyigi, Cankuzo, Rutana na Makamba walikuwa wanavuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Wengi walirudi kwao, kisha wakaja tena vita vilipochacha, hasa baada ya Buyoya kutwaa madaraka Julai 1996. Kasulu tukawa na kambi za Mtabila na Muyovosi. Kibondo wakawa na Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Mwishoni mwa 1996 ikafunguliwa Nyarugusu, hapo kwetu Makere, kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Mashirika yalihitaji watu wa kuwasikiliza wageni hao, na kwa Warundi Mha hana haja ya mkalimani. Kiha na Kirundi vinasikilizana hata vikigombana.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kwa sababu ambayo watu wa pwani huwa hawaifikirii. Mrundi hana jina la ukoo linaloshuka kutoka kwa baba. Watoto sita wa nyumba moja wana majina sita, kila mmoja lake, na hakuna hata moja linalofanana na la baba yao. Huwezi kupekua orodha ukasema huyu na huyu ni ndugu. Na majina yenyewe yanajirudia: Niyonzima, Ndayizeye, Nshimirimana, kambi moja ilikuwa nao tele. Lakini majina mengine yalikuwa na msaada wake. Nyandwi huwa mtoto wa saba, Minani wa nane, Bucumi wa kumi. Akiletwa Minani wa miaka mitano nilijua mama yake amezaa mara saba kabla yake, kwa hiyo nawatafuta kaka na dada pia, walio hai. Na mapacha ni Bukuru na Butoyi, kwao na kwetu. Bukuru akija peke yake, swali la kwanza lilikuwa Butoyi yuko wapi, na hilo ndilo swali nililochukia kuliko yote.

Baada ya jina, kilima. Anwani ya Burundi ilishuka hivi: mkoa, komini, zoni, kilima. Mtoto wa miaka minne hajui komini. Mama yake anamwita "mama" na baba anamwita "baba", basi. Kwa hiyo unauliza kwa kuzunguka. Mlikuwa mnachota maji wapi? Kengele ya kanisa mliisikia nyumbani? Mlikuwa mnachuma nini? Akisema alimsaidia bibi kukamua mawese, unaanza kufikiria Rumonge au Nyanza-Lac, kandokando ya ziwa. Akisema majani ya chai, huyo ametoka juu, Muramvya au Kayanza, na amekuja mbali sana kwa miguu yake. Ng'ombe wenu aliitwa nani? Mtoto anaweza kusahau jina la kijiji, jina la ng'ombe halisahau.

Mtu mzima akijitokeza kusema huyu ni wangu, hatukumkabidhi papo hapo. Tulimuuliza yeye peke yake, na mtoto peke yake, maswali yale yale. Tulikuwa na sababu. Kadi ya mgao ilihesabu vichwa, na kichwa kimoja zaidi kilikuwa unga, maharage na mafuta zaidi. Wapo waliodai watoto kwa ajili ya mgao, na wapo waliowadai kwa mapenzi tu, kwa kuwa walikuwa wamezika wa kwao. Yupi ni yupi huwezi kujua kwa kumwangalia usoni. Waliobaki bila mtu waliwekwa kwa familia za kulea humo humo kambini, na mwongozo ulikuwa mkali: hakuna kuasili mtoto wakati wa dharura, kwanza atafutwe mzazi, kwa kawaida kwa muda usiopungua miaka miwili. Wazungu wawili watatu waliofika wakiwa na moyo mwema na nafasi nyumbani kwao walikasirika kuambiwa hivyo. Walikasirika bure.

Habari zilisafiri kwa karatasi na kwa hewa. Karatasi ilikuwa ile barua ya Msalaba Mwekundu, isiyofungwa, ya habari za familia tu, inayosomwa njiani ili siasa isipenye. Hewani kulikuwa na BBC, ambayo mwaka 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, ilianzisha kipindi cha dakika chache kwa Kinyarwanda na Kirundi kiitwacho Gahuzamiryango, cha kuwakutanisha waliopoteana. Mwaka 1995 Wajesuti wa huduma ya wakimbizi wakafungua Radio Kwizera kule Ngara. Saa ya majina ikifika, watu waliizunguka redio moja, mwenye betri akawa kama mfalme. Jina, kilima, jina la mama, yuko kambi fulani. Basi. Mtangazaji hakuongeza neno, akaenda jina linalofuata.

Lakini redio ikizimwa, hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Kwenye bomba la maji kambini ilisemwa kuwa watoto wanapakiwa kwenye ndege kwenda kuuzwa Ulaya. Ilisemwa wanaotupiga picha wanahesabu nani ana afya. Ilisemwa damu. Hii ya damu haikuletwa na wakimbizi, ilikuwepo Afrika Mashariki kabla yao: mumiani, chinjachinja, gari la zimamoto linalobeba watu usiku. Babu zetu huku walikuwa na sababu zao za kuisadiki. Miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwakusanya watu wa Kibondo katika makazi ya pamoja kwa ajili ya malale, ikawaacha mbung'o na pori nyuma yao, na katika kuwapima iliwatoboa na kuchukua damu. Ukitembea leo upande wa Moyowosi unaona hifadhi ya wanyama na kudhani ni pori la tangu Adamu; palikuwa na watu humo. Kisha wakaja waandikishaji wa manamba. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kusaka vibarua, ikijulikana kama SILABU, na Uha ilikuwa shimo lake la kuchotea. Vijana, wengine ndevu hazijaota, walipanda treni kwenda Tanga na Morogoro. Mwaka, miwili, kumi, bila barua. Mama aliyebaki Heru au Muhambwe alitakiwa kujieleza mwanawe yuko wapi, na "amenyonywa damu" ilikuwa jibu lisilokuwa mbali sana na ukweli wa mkonge.

Nilichogundua kambini ni kwamba mnong'ono hushika zaidi pale ambapo jibu linajulikana lakini halitamkiki. Mvulana wa miaka kumi na minne akitoweka, majirani walitaja mumiani mchana kweupe. Usiku mmoja wao alikuja kuniambia kijana amekwenda msituni, kwa wapiganaji. Uandikishaji wa askari kutoka kambini, watoto wakiwemo, uliripotiwa baadaye na watetezi wa haki za binadamu; wakati ule ungeutaja hadharani ukiwa unaishi turubai la tatu kutoka kwa mwandikishaji? Mumiani hana ndugu atakayekuja kulipiza, ndiyo maana lawama zote zilimwangukia yeye.

Ikawa hivyo tena mwishoni mwa 1997, safari hii upande wetu. Jeshi liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini karibu na mpaka na kuwapeleka kambini. Wengine walikuwa hapa miaka mingi, wameoa, wameolewa, wana mashamba na watoto waliosoma shule yetu. Mtu alichukuliwa sokoni, mkewe yuko shambani, watoto wako darasani. Nilibaki na wanafunzi saa nane mchana ambao hawakuwa na mtu wa kuwafungulia mlango. Human Rights Watch waliandika habari za msako ule mwaka 1999, na jinsi familia zilivyotengana. Kijijini hata hivyo zilizuka hadithi za watoto walioibwa na wachawi wa Burundi. Wote tulikuwa tumeyaona malori.

Nisieleweke kwamba kila mnong'ono ni ujinga. Oktoba 2007, kule Abéché nchini Chad, shirika la Kifaransa la L'Arche de Zoé lilikamatwa likijiandaa kuwasafirisha kwa ndege kwenda Ufaransa watoto 103 lililodai ni yatima wa Darfur. Wengi wao walikuwa na mzazi au mlezi hai, na wengi walikuwa Wachad. Niliposoma habari ile nilimkumbuka kila mama niliyemwambia kuwa hakuna ndege. Ndege ilikuwepo, ila haikuwa Mtabila. Na upande wa pili wa shilingi: tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian na dereva wao walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Ikapigwa kelele kuwa ni wanyonya damu. Waliuawa wote watatu.

Siku hizi kelele hiyo inaanzia kwenye simu. Tarehe 30 Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alichukuliwa kwao Muleba, mkoa wa Kagera. Mabaki yake yalipatikana tarehe 17 Juni. Katika siku zile kundi letu la WhatsApp la walimu wastaafu liligeuka kituo cha upelelezi: Noah nyeusi, Wakongo, wachimba madini, mgombea fulani wa ubunge. Zikaja na picha za watoto wengine, kutoka mikoa isiyotajwa, na maneno "sambaza tafadhali". Niliuliza kuhusu mmoja wao: jina lake, kijiji, siku, kituo gani cha polisi kimepokea taarifa? Mwenzangu, mwalimu wa hesabu huyo, akanijibu, "Mwalimu, sambaza kwanza, maswali baadaye." Watu tisa walipofikishwa mahakamani kwa kifo cha mtoto wa Muleba, baba mzazi alikuwa miongoni mwao, na padre. Kundi letu halikuwa limemtaja hata mmoja wa nyumba ile wala wa kanisa lile. Tulikuwa tumekwenda mbali kutafuta.

Kasulu tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri Kanda ya Ziwa kuanzia 2007, watoto walikimbizwa hadi kwetu, kwenye shule ya Kabanga, ambako tayari kulikuwa na wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi, ng'ambo ya mpaka kutoka Kibondo, iliwahukumu watu kwa mauaji ya aina hiyo, na Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa Bukombe. Mara nyingi kesi ilipochimbuliwa, njia ilipita kwa mtu anayemjua mtoto: jirani, mjomba, mume wa shangazi, mtu aliyejua mlango unafungwaje.

Nilipokwenda Kabanga kuwatembelea walimu wenzangu nilidhani nitakuta kazi ninayoijua. Ilikuwa kinyume chake. Mtoto yupo, ana jina kamili, ana tarehe ya kuzaliwa, ana wilaya na kitongoji. Aliyepotea ni mzazi. Wapo waliokuja kila likizo na mafuta ya kupaka na kofia. Wapo waliomleta mtoto wakaahidi kurudi Desemba, na Desemba zikapita. Sikuona haja ya redio wala fomu. Wazazi wale walijua mtoto wao yuko wapi, na sisi tulijua wao wanaishi wapi.