Beseni la Turubai

Mwaka jana rafiki yangu anayetengeneza vipeperushi aliniletea kazi ya kutafsiri. Hoteli moja ya kifahari, ambayo sitaitaja, ilitaka ukurasa wake wa huduma kwa wapanda mlima uwe na Kiswahili pia. Mgeni akishuka Kilimanjaro hukaa pale siku mbili. Anachuliwa misuli, anaingizwa kwenye beseni la maji ya barafu kisha chumba cha mvuke, ananyooshwa viungo, anakunywa supu. Nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa, jina la huduma yenyewe. "Kupona" halikukaa, maana mgeni haumwi. "Kupumzika" lilikuwa dogo mno kwa bei ile. Nikaandika "kurudisha nguvu", nikalifuta, nikaliandika tena.

Na wakati nahangaika, chumba cha pili mama alikuwa anamkanda baba magoti kwa kitambaa na maji ya moto yenye chumvi, kama afanyavyo karibu kila jioni. Baba alikuwa mgumu kwa miaka 19. Kwa msomaji asiyekaa Moshi, wagumu ndio wapagazi wa mlimani; jina hilo walijipa wenyewe au walipewa, sijui, lakini limewakaa. Kupanda kwake hakukumwumiza sana. Anasema magoti yake yaliisha kwa kushuka.

Kazi ya hoteli niliimaliza, nikalipwa. Lakini swali likabaki: huu utaratibu wa mtu kutoka mbali, akaenda kuuchosha mwili wake kwa makusudi, kisha akalipa tena ili mwili huohuo utulizwe, ulianza wapi? Nikaenda kwenye kabati la vitabu, kwa wale wazee wa safari ambao wengi wetu tunawasoma huku tumekunja uso.

Nianze na Hans Meyer, Mjerumani, mtoto wa familia ya wachapishaji wa Leipzig. Alijaribu Kibo mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika. Alikamatwa pwani wakati wa vita vya Bushiri akajikomboa kwa fedha. Mwaka 1889 akaja na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakaona kilele kiko mbele bado, na nguvu zimekwisha. Kilichofuata ndicho kinachonivutia: walishuka, wakalala, wakala, wakapumzika, wakasogeza kambi juu zaidi, na tarehe 6 wakafika. Tukisimuliwa habari hii tunasimuliwa ushujaa. Mimi naona usingizi na chakula. Meyer alikuwa amejifunza kutokana na kushindwa kwake kwamba mlima ule unamshinda mtu kwa njaa, kwa hiyo akapanga kambi kwa ngazi, na watu wa kupandisha chakula na kuni kutoka Marangu kila baada ya siku chache. Kule juu, zaidi ya meta 4,000, alibaki na mtu mmoja wa Pangani, Muini Amani, akipika na kulinda hema. Mtu wa Pangani, bwana! Mtu aliyezaliwa kwenye minazi na maji ya chumvi, anakesha kwenye baridi ya kugandisha maji ili wengine wawili wakirudi wakute moto. Angalau Meyer alimtaja kwa jina.

Sasa tuje kwa Theodore Roosevelt, na hapa nitakaa kidogo.

Roosevelt alitoka madarakani Machi 1909, na tarehe 21 Aprili alikuwa Mombasa na mwanawe Kermit, kwa safari ya kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Alikuwa na miaka 50, mnene, jicho lake la kushoto halioni vizuri tangu alipopigwa ngumi akicheza ndondi ndani ya Ikulu, jambo alilolificha kwa miaka. Kwa nini mtu wa namna hiyo anakwenda kufukuza simba?

Jibu liko nyuma zaidi. Utotoni alikuwa na pumu kali, akaujenga mwili kwa mazoezi. Tarehe 14 Februari 1884 mama yake na mke wake walikufa siku moja, nyumba moja. Roosevelt akaenda Dakota kuchunga ng'ombe na kuwinda, akarudi mtu mwingine. Wakati huo Marekani ilikuwa na daktari mashuhuri wa mishipa ya fahamu, Silas Weir Mitchell wa Philadelphia. Wanawake waliochoka akili aliwalaza kitandani kwa majuma, wasisome, wasiandike, walishwe tu. Wanaume waliochoka akili waliambiwa waende Magharibi, wapande farasi, walale nje. Tazama hapo: uchovu uleule, mmoja anafungiwa, mwingine anafunguliwa. Charlotte Perkins Gilman alipitia tiba hiyo ya kitandani, na mwaka 1892 akachapisha hadithi fupi ya "The Yellow Wallpaper", ambayo wengi wenu mmeisoma, ya mwanamke anayepotelewa na akili kwenye chumba alichowekwa apumzike. Hadithi ya upande wa wanaume ndiyo vitabu vya safari. Tumezoea kuviweka rafu mbili tofauti, mimi naona ni mlango mmoja.

Basi Afrika Mashariki ikawa Dakota mpya. Kulikuwa na daktari ndani ya msafara, Edgar Mearns, aliyekuwa daktari wa jeshi, maana Roosevelt alikuwa na homa ya zamani iliyokuwa ikimrudia. Kulikuwa na dawa za vidonge katika masanduku. Hapa niseme pembeni: kampuni ya Burroughs Wellcome, iliyowauzia wasafiri wengi masanduku hayo tangu enzi za Stanley, ilisajili mwaka 1884 neno "tabloid" kwa ajili ya vidonge vyake vilivyoshindiliwa. Magazeti madogo ya udaku yaliliazima baadaye. Kwa hiyo ukisema gazeti fulani ni kidonge cha kusinzia, hujakosea sana.

Na kulikuwa na maktaba. Roosevelt alibeba vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, ili jasho, damu na mafuta ya bunduki visiviharibu. Homer, Shakespeare, Biblia, Dante na wengineo. Alivisoma chini ya mti mchana wa jua kali, wakati mwingine kando ya mnyama aliyemuua. Vitabu ndivyo vilivyompumzisha, na kwa hilo siwezi kumchukia. Nani kati yetu hasafiri na kitabu kimoja zaidi ya anachoweza kumaliza? Lakini ameandika mwenyewe, katika African Game Trails ya mwaka 1910, kwamba sanduku la vitabu hivyo lilipungua kidogo tu kufika ratili 60, mzigo wa mpagazi mmoja. Ratili 60 ni kama kilo 27. Mtu mmoja mzima, katika msafara ulioanza na wapagazi zaidi ya 200, kazi yake ilikuwa kubeba mapumziko ya akili ya mtu mwingine.

Nilimsomea baba sehemu hiyo. Nitarudi kwake.

Jioni za safari hizo, zote, zina kitu kimoja kinachojirudia mpaka unaanza kukisubiri: beseni la turubai. Linakunjwa, linabebwa, linafunguliwa kando ya hema. Bwana anarudi amechoka, miguu imevimba, na maji ya moto yako tayari. Waandishi wanalisifu beseni kwa upendo wa kweli. Mara chache sana wanaeleza maji yalitoka umbali gani. Ukiwahi kuishi sehemu yenye shida ya maji, utasoma kurasa hizo ukihesabu ndoo.

Miongoni mwa walowezi waliomkaribisha Roosevelt kwenye nyanda za Machakos mwaka 1909 alikuwepo kijana Mwingereza, Philip Percival. Mkumbuke. Miaka 24 baadaye Percival ndiye aliyemwongoza Ernest Hemingway.

Hemingway alifika Mombasa Desemba 1933 na mkewe Pauline; gharama zilitoka kwa mjomba tajiri wa Pauline, Gus Pfeiffer. Alikuja kwa nguvu zote, na Januari 1934 kuhara damu kwa amiba kukamwangusha. Ndege ndogo ikamfuata kambini, ikampeleka Nairobi, akadungwa sindano za emetini akiwa amelala hotelini New Stanley. Fikiria umbali kutoka kwa Meyer: miaka 45 tu, na mgonjwa wa kitajiri anaruka juu ya Tanganyika nzima badala ya kubebwa kwenye machela na watu. Hata ugonjwa aliugeuza makala ya gazeti la Esquire. Akapata nafuu, akarudi kuwinda.

Lakini kilichotoka kwenye kitanda kile ni "The Snows of Kilimanjaro", iliyochapishwa Agosti 1936, na nadhani ndiyo insha bora ya kitabibu kuhusu safari za kifahari, ingawa ni hadithi. Harry, mwandishi, alikuja Afrika na mkewe tajiri akiamini kwamba taabu kidogo itamwondolea mafuta rohoni, kama bondia anavyokwenda kambini kupunguza uzito. Yaani lile lile la Dakota. Kisha mwiba unamkwaruza mguu. Hakupaka iodini mapema. Likawa donda ndugu. Mtu aliyekuja kujisafisha anaoza, huku mtumishi Molo anaitwa alete wiski na soda. Ndege inakuja kumchukua, lakini inakuja ndotoni tu.

Niliisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha sita, na mlima nilikuwa nauona dirishani. Wakati ule nilimsikitikia Harry. Sasa ninaposoma, macho yanamfuata Molo. Anaitwa, anakuja, anaondoka. Hatujui kama amelala.

Hemingway alirudi mwaka 1953, na mke mwingine, Mary, na Percival huyohuyo, aliyekuwa ameshastaafu, akakubali kutoka tena. Tarehe 23 Januari 1954 walikuwa wanatazama maporomoko ya Murchison, Uganda, kwa ndege ndogo iliyorushwa na Roy Marsh. Rubani akakwepa kundi la kwarara, ndege ikagonga waya wa telegrafu, ikaanguka msituni. Wakalala usiku kando ya Nile na tembo jirani. Kesho yake boti ikawachukua mpaka Butiaba, wakapanda ndege ya pili, nayo ikawaka moto kabla ya kupaa. Mary na Marsh walitokea dirishani. Hemingway, kwa kuwa hakupenya, alivunja mlango kwa kichwa.

Kwa kichwa, jamani. Fuvu lilipasuka, ubongo ukatikisika, ini, bandama na figo vikaumia, pingili za mgongo zikapondeka. Magazeti duniani yalikwisha kutangaza kifo chake; Nairobi akazisoma tanzia zake mwenyewe, na inasemekana alizifurahia. Hapo ndipo mtu mwenye akili angelala. Yeye, majuma machache baadaye, alikwenda kambi ya kuvua samaki Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, moto wa kichaka ukazuka, akajitosa kuuzima, akaanguka ndani yake akaungua. Oktoba mwaka uleule alipewa Tuzo ya Nobel, akashindwa kwenda Stockholm kuipokea. Hotuba yake ilisomwa na balozi. Mwili ule haukurudi tena ulivyokuwa, na waliomjua wanasema hata akili iliumia. Alijiua Julai 1961.

Sitaki kusema Afrika ilimwua, hizo ni porojo. Ninachokiona ni mtu aliyelelewa na imani kwamba mwili unatibiwa kwa kuongezewa taabu, ambaye alikuwa na kila nafasi ya kupumzika, fedha ya kupumzikia, na watu wa kumchemshia maji, na hakujua kupumzika.

Siku hizi wageni wanajua zaidi. Wanapanda kwa siku nyingi, wanapimwa oksijeni kidoleni, baadhi ya misafara inapandisha mfuko maalumu wa hewa kwa anayezidiwa na mwinuko. Hayo yote nayaona ni mema. Nayo yanabebwa. Kikomo cha mzigo wa mgumu mlimani sasa ni kilo 20, na kuna mizani getini. Baba anasema enzi zake mizani ilikuwa shingo.

Basi nilipomsomea habari ya sanduku la Roosevelt, nilitarajia atakasirika. Akauliza, "Lilikuwa bapa au la mduara?" Nikamwambia bapa, la alumini na kitambaa cha mafuta. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Akasema bapa halina shida, linakaa kichwani, hata kilo 27 utakwenda nayo ukiwa kijana. Mzigo mbaya ni meza ya kulia chakula ya wageni, kwa sababu ya miguu yake, inakugonga ukishuka, hapa na hapa. Akanionyesha. Kisha akaniuliza hao wapagazi wa Roosevelt walikuwa wanakandwa na nani.

Nilitafuta kitabuni. Mama akaita kutoka jikoni kwamba maji yamechemka, niende nikamsaidie kuteremsha sufuria.