Taji Kubwa, Taji Dogo: Mihuri ya Sarafu za Tabora, 1916

Sarafu ya heller 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 haina urembo wa zile zilizotoka Ulaya. Upande mmoja una taji, mwaka na herufi D.O.A., kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la Kijerumani la koloni la Afrika Mashariki ya Wajerumani. Upande wa pili una thamani yake. Ukiweka mbili mezani, huenda ukaona taji la moja ni kubwa na la nyingine ni dogo. Wapo wauzaji wanaosema hapo hapo kwamba moja ina kasoro, na bei ikapanda. Ukweli ni kwamba hakuna yenye kasoro. Zilipigwa kwa mihuri miwili tofauti, na kila muhuri ulifanya kazi yake sawasawa.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliifunga pwani. Rupia na heller za koloni zilikuwa zikipigwa Ujerumani, Berlin na Hamburg, na kuletwa kwa meli. Meli zilipokatika, sarafu nazo zikaadimika, ilhali askari na wapagazi walipaswa kulipwa na masoko yaliendelea. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilichapa noti za muda, lakini pengo la sarafu lilibaki. Ndipo kiwanda cha kupigia fedha kilipoanzishwa kwenye karakana ya reli Lulanguru, karibu na Tabora. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na pamoja nayo mafundi na mashine.

Malighafi ilikuwa ya kuokoteza. Maganda ya risasi na mizinga yaliyeyushwa kupata shaba ya manjano. Heller 20 nyingine zilitoka kwa shaba nyekundu. Kulikuwa pia na heller 5 za shaba ya manjano, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zote zina herufi T, alama ya Tabora.

Sarafu huzaliwa pale kipande kitupu cha metali kinapobanwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Kilichochongwa kwenye muhuri kitatokea kwenye kila sarafu itakayopita hapo, iwe mia au laki. Kasoro ya upigaji ni jambo jingine kabisa: hutokea katika pigo moja. Kipande kimekaa pembeni, picha ikatoka nusu. Sarafu iliyopigwa haikutoka, ikapigwa mara ya pili. Kipande kimekatwa kwenye ukingo wa bamba, kikatoka na pengo. Sarafu inayofuata inaweza kuwa salama salimini.

Kwa hiyo swali la kwanza la mkaguzi ni hili: je, tofauti hii inajirudia kwenye sarafu nyingine? Kwa heller 20 jibu liko wazi. Mbali na mataji mawili, upande wa thamani una sura tatu, na zote zinasomeka kwenye herufi mbili za L katika neno HELLER. Kuna muhuri ambao L ya pili tu ndiyo yenye ncha iliyojikunja, mwingine wenye ncha kali kwa L zote mbili, na wa tatu ambao zote mbili zimejikunja. Hali hiyo inarudi sarafu baada ya sarafu, kwa namna ile ile. Aliyechonga alikuwa na patasi mkononi na haraka ya vita nyuma yake, na hakufuata kielelezo kimoja. Mimi naziona ncha hizo kuwa saini za mafundi ambao majina yao hayamo kwenye sarafu.

Dhahabu nayo iko hivyo hivyo. Kwenye rupia 15, nakshi ya kulia huishia ama chini ya T ya OSTAFRIKA ama chini ya A ya kwanza. Vitabu vya wakusanyaji vinazihesabu mbali mbali: 9,803 za kwanza na 6,395 za pili. Anayeiita mojawapo kasoro anawaita wakosefu watu waliopiga maelfu kwa makusudi.

Ugumu uko katikati. Muhuri huchoka na kupasuka. Metali huingia kwenye ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Chukua kioo cha kukuzia na uelekeze mwanga kutoka ubavuni: mstari ulioinuka ulitoka kwenye muhuri, mstari uliozama ni mkwaruzo wa baadaye, wa kisu au wa mfukoni, na hauna thamani yoyote. Herufi iliyofifia vile vile hudanganya. Uchafu na grisi vikijaa kwenye muhuri, ncha ya L hutoweka, na mnunuzi akadhani amepata sura ya nne. Atazame mwisho wa herufi: ukiyeyuka taratibu bila ukingo, muhuri ulikuwa umeziba tu.

Unene nao unahitaji tahadhari. Vipande vya Lulanguru havikulingana, hivyo heller nene na nyembamba zinaweza kutoka kwenye muhuri ule ule. Hapo anayepima uzito tu, bila kutazama taji na ncha za herufi, atapotea.

Ufa una faida yake. Muhuri uliopasuka haujiungi tena, kwa hiyo sarafu yenye ufa mfupi ilipigwa kabla ya ile yenye ufa mrefu wa muhuri huo huo. Ukipata sarafu za kutosha, unaweza kuzipanga kwa mfuatano wa kutoka mtamboni, na kuona taji lipi liliunganishwa na L zipi, na kwa zamu gani. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na enzi ya heller za Lulanguru ikaishia hapo.