Kigari cha kompyuta ofisini: namna ya kukichagua na kukiunganisha

Na Mwandishi Wetu, Mutukula

IJUMAA moja asubuhi, katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa mpakani mwa Tanzania na Uganda, dada wa usafi alipiga deki kama anavyofanya kila siku. Maji yalitiririka hadi chini ya meza, mahali ambapo kompyuta ya ofisi ilikuwa imesimama juu ya sakafu ya saruji. Dakika chache baadaye mashine ilizima na haikuwaka tena. Ndani ya mashine ile kulikuwa na ankara, orodha ya mzigo na vyeti vilivyoskaniwa vya lori moja la maharage. Mfumo wa forodha ulikuwa unafanya kazi vizuri siku hiyo, lakini nyaraka za kuupakia hazikuwepo. Lori lililala hadi Jumatatu.

Dada yule hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuiweka mashine mahali pa maji na vumbi. Dawa yake ni kitu ambacho wafanyabiashara wengi hukiona kama pambo la ofisi za mjini, yaani kigari: fremu au ubao wenye magurudumu manne madogo, unaobeba kasha la kompyuta sentimeta 8 hadi 12 juu ya sakafu. (Wengi wetu huliita kasha hilo "CPU". CPU kwa hakika ni kichakataji kidogo kilichomo ndani, lakini ukienda dukani ukasema unataka kigari cha CPU utaeleweka vizuri zaidi kuliko ukisema vinginevyo.)

Kabla hatujaenda mbali tufanye hesabu, maana hii ni tovuti ya biashara. Tuseme siku moja ya lori kusimama inakugharimu dola 100 ukijumlisha posho ya dereva, maegesho na safari iliyopotea, na kigari ni dola 15. Ikiwa katika maisha yake yote uwezekano wa kigari hicho kukuepusha na siku moja tu ya namna hiyo unazidi 15 kati ya 100, umefaidika. Weka tarakimu zako mwenyewe. Kwa mwenye lori hata moja, ni vigumu kupata jibu linalosema usinunue.

Si kila ofisi inakihitaji, hata hivyo. Anayetumia kompyuta mpakato hana haja nacho. Zipo pia kompyuta za mezani ndogo kama kitabu, ambazo hufungwa kwa skrubu nyuma ya kioo au hukaa juu ya meza. Hizo nazo tuziache. Makala haya yanamhusu mwenye kasha kubwa la kusimama, lile ambalo meza haina nafasi yake.

PIMA KWANZA

Muuzaji wa kawaida atakuambia kigari chake kinabeba kilo nyingi. Usibabaike na sifa hiyo. Kasha la kawaida la ofisi lina uzito wa kilo 7 hadi 12. Mafundi wa magurudumu wana kanuni moja: gawanya uzito kwa tatu badala ya nne, kwa sababu sakafu isiyo sawa huliacha gurudumu moja likining'inia. Hata kwa kilo 12, kila gurudumu linabeba kilo 4 tu. Karibu gurudumu lolote la dukani linaweza mzigo huo.

Swali la maana ni upana. Chukua tepu upime kasha lako kwa upana na kwa urefu wa kutoka mbele kwenda nyuma. Makasha makubwa ya kusimama mengi yana upana wa sentimeta 17 hadi 21, lakini zile kompyuta nyembamba za ofisi zinazoletwa zikiwa zimetumika Ulaya na Marekani huweza kuwa na sentimeta 9 au 10 tu. Ukiiweka nyembamba kama hiyo kwenye kigari chenye kingo za kubana zinazoanzia sentimeta 15, itayumba kama abiria aliyesimama kwenye daladala. Nunua kigari chenye kingo zinazosogezwa na uhakikishe kipimo chako kinaangukia katikati ya kiwango chake, kisiwe kwenye mwisho wa kuvuta wala mwisho wa kubana.

Angalia pia umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Kasha ni refu kwenda juu na jembamba, kwa hiyo magurudumu yawe nje kidogo ya upana wa kasha. Kigari ambacho magurudumu yake yamejificha ndani kabisa kitapinduka siku mtu atakapokigonga kwa goti.

CHINI PAWE WAZI

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, na kosa lenyewe halionekani hadi mashine ianze kuzimika yenyewe saa nane mchana. Kompyuta hupumua. Feni huvuta hewa baridi, kwa kawaida kutoka mbele, na kuitoa ya moto nyuma. Makasha mengi ya miaka ya karibuni yana kipozea umeme, yaani lile boksi la chuma lenye tundu la waya wa umeme, sehemu ya chini kabisa, na feni yake huvuta hewa kupitia matundu yaliyo kwenye tako la kasha. Ukiliweka juu ya ubao usio na uwazi umeliziba pua.

Lilaze kasha lako utazame tako lake. Ukiona matundu au chujio la vumbi, nunua kigari cha fremu ya vyuma viwili au vinne vilivyoachana, au chenye uwazi mkubwa katikati. Kama boksi la umeme liko juu, kama ilivyo kwenye makasha mengi ya zamani, ubao usio na uwazi hautadhuru. Chujio, kama lipo, livute nje kila mwezi ulipige vumbi. Kwa ofisi iliyo kando ya barabara ya udongo mwekundu, fanya hivyo kila wiki mbili.

MAGURUDUMU

Yapo ya plastiki ngumu na yapo yaliyovishwa mpira. Kwenye saruji iliyokwaruzika au vigae vyenye mapengo chukua ya mpira, kwa sababu yanameza mtikisiko. Ya plastiki ngumu yanafaa kwenye zulia. Kipenyo cha milimita 40 hadi 50 kinatosha. Chini ya hapo punje ya kokoto itakisimamisha.

Angalau magurudumu mawili yawe na breki. Hili si la hiari. Diski ngumu ya mtindo wa zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kigari kikiteleza na kugonga mguu wa meza mashine ikiwa imewaka, kichwa hicho kinaweza kugusa sahani na kukwangua data. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, lakini waya zikivutika na kuchomoka mashine itazima hata hivyo.

KUNUNUA AU KUMPA FUNDI

Vigari vya dukani huja vimefunguliwa ndani ya boksi bapa. Fundi wa mtaani naye anaweza kukutengenezea kizuri, tena kwa kipimo chako. Mpe plaiwudi ya milimita 18. Kwa kasha la sentimeta 18 kwa 43, ubao wa 26 kwa 47 unafaa. Akate uwazi katikati, apigilie ukingo wa sentimeta 3 kuzunguka kasha ili lisiteleze, na apake vanishi pande zote, hasa ubavuni ambako maji huingilia. Mkataze kutumia mabaki ya chipubodi au MDF. Yakilowa huvimba, na skrubu huachia.

Magurudumu yenye bamba huhitaji skrubu nne kila moja, na urefu wa skrubu usizidi milimita 16, la sivyo ncha itatokeza juu na kukwaruza kasha. Atoboe kwanza tundu dogo la kuongozea. Akiwa na boliti na nati za kupita ubao mzima, vichwa vya boliti vikiwa vimezamishwa juu, ni bora zaidi.

KUUNGANISHA

Kwa kile cha boksi, mwaga vipande vyote juu ya gazeti uvihesabu dhidi ya karatasi ya maelekezo kabla ya kufunga chochote. Boliti moja ikipungua, rudi dukani siku hiyo hiyo. Utahitaji bisibisi ya nyota, spana ndogo, na ile spana ya umbo la L ambayo kwa kawaida huwa ndani ya boksi.

Unganisha vyuma vya urefu na vya upana, lakini usikaze. Ingiza boliti zote kwa mkono mpaka zishike, kisha weka fremu juu ya sakafu iliyonyooka, ibonyeze pembe zote nne, ndipo ukaze kidogo kidogo ukivuka kutoka pembe moja hadi ile inayotazamana nayo, kama unavyokaza nati za tairi. Madereva hawana haja ya kufundishwa hili. Anayekaza boliti moja hadi mwisho kabla ya nyingine hupata kigari kinachosimama kwa miguu mitatu.

Magurudumu yenye msumari wa nyuzi huzungushwa kwa mkono hadi mwisho, halafu spana humalizia robo mzunguko. Yale ya kuchomeka husukumwa hadi yalie "kti". Likigoma, weka kipande cha mbao juu yake ugonge taratibu. Yenye breki yakae mbele, upande unaokaa wewe, ili uyafikie kwa kidole cha mguu bila kuingia uvunguni.

Usiijaribishie kompyuta. Kipandishe mfuko wa sembe wa kilo 10, ukisukume mita mbili tatu, ufunge breki, ukitikise. Kikisimama imara, kaza tena boliti zote mara moja.

Sasa zima kompyuta kwa utaratibu wake, si kwa kubonyeza swichi ya ukutani. Subiri feni itulie, chomoa waya wa umeme, kisha piga picha ya nyuma kwa simu kabla ya kuchomoa waya nyingine. Picha hiyo itakuokolea nusu saa. Pandisha kasha, sogeza kingo hadi zishike bila kulikandamiza, na uache sentimeta 10 kati ya mgongo wake na ukuta.

Waya ndizo huamua kama magurudumu yana faida. Waya wa kioo na wa umeme wenye urefu wa mita moja na nusu, ukishapita nyuma ya meza, haukuachii nafasi ya kuvuta kigari nje. Acha ulegevu wa nusu mita, uzifunge pamoja kwa kamba ya plastiki na uzifungie kwenye fremu, ili kikivutwa ivutike fremu na si tundu la nyuma ya mashine. Ekstensheni na UPS visikae sakafuni pia, maana maji ya deki hayachagui. UPS ina betri nzito. Ikae kwenye kirafu chake ukutani au juu ya ubao, isipandishwe juu ya kasha.

Jambo moja la usalama. Kama ukigusa kigari cha chuma au kasha lenyewe unahisi mwasho wa umeme kwenye vidole, usilaumu kigari. Mara nyingi maana yake soketi yako haina waya wa ardhini. Ita fundi umeme, na usiendelee kuvaa ndala za mpira kama suluhisho, kama nilivyoona ofisi moja ikifanya.

KWA ANAYETAKA KUVIUZA

Wapo wasomaji watakaoona hapa bidhaa badala ya samani. Kwao suala kubwa ni ujazo. Boksi bapa la sentimeta 45 kwa 25 kwa 8 lina ujazo wa meta za ujazo 0.009; kigari hicho hicho kikiwa kimeshaunganishwa, kwa kimo cha sentimeta 20, kinafika 0.0225. Katika meta moja ya ujazo yanaingia maboksi takriban 111 bapa, au vigari 44 tu vilivyounganishwa. Anayelipia kontena la kushirikiana kwa ujazo analipa hewa.

Ila usidhani kukifungua kunakipunguzia ushuru. Kanuni ya 2(a) ya tafsiri ya Mfumo wa Uwiano, ule wa HS, inasema bidhaa iliyoletwa ikiwa imefunguliwa huainishwa kama bidhaa kamili. Kulitangaza boksi kuwa "vipuri vya chuma" ni kujitafutia faini. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una kiwango cha nne cha asilimia 35, na fanicha kutoka nje ya Jumuiya ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa humo; kwa hiyo kabla ya kuagiza, omba uamuzi wa awali wa uainishaji kwa mamlaka ya mapato ya nchi yako, kwa maandishi.

Magurudumu peke yake ni habari nyingine. Yenye vishikio vya chuma na kipenyo kisichozidi milimita 75 huingia kwenye kifungu cha 8302.20. Seremala wa Bukoba au Masaka anayeagiza magurudumu na kutumia mbao za hapa anatengeneza bidhaa ambayo, ikitimiza kanuni za uasili za Jumuiya na ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi jirani, inaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili pale shehena isipozidi dola 2,000. Cheti hicho hutolewa kituoni mpakani. Nenda na risiti za mbao.