Kijana, Ujira na Mafunzo

Tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, vilabu vya NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, vilikutana kuteua wachezaji wapya kama ilivyo desturi yao kila mwaka. Wa pili kuitwa alikuwa Hasheem Thabeet, Mtanzania mzaliwa wa Dar es Salaam. Wa tano alikuwa Ricky Rubio, Mhispania. Wa kumi alikuwa Brandon Jennings, mzaliwa wa Compton, California. Watatu hao walifika kwenye mlango mmoja usiku mmoja, lakini kila mmoja kwa njia yake. Thabeet alitoka chuo kikuu, ambako mchezaji hakuruhusiwa kupokea mshahara. Jennings alikiacha chuo, akaenda Roma kucheza kwa malipo. Rubio alikuwa amelelewa na klabu ya kwao, iliyomfunza na kumwajiri pamoja.

Makala haya yanakusudia kuzitazama njia hizo kwa jicho la mtu wa Ufipa. Msomaji asidhani kwamba tumevuka bahari bure. Swali la kijana kuuza nguvu zake leo, au kuziweka chini ya mwalimu mpaka kesho, ni swali la kale katika nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa.

Wafipa walikuwa mafundi hodari wa chuma. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, yaitwayo malungu. Moja likiitwa ilungu. Tanuri hilo halikuvuviwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija iliyopangwa chini, na urefu wa tanuri ukauvuta moto juu. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo kikafuliwa. Kazi hii ilitaka mikono mingi: ya kuchimba mawe, kukata miti, kuchoma makaa na kujenga. Hapakuwa na darasa lililotengwa na kazi. Kijana alijifunza kwa kumsaidia fundi, na jembe lililotoka motoni lilikuwa chombo cha shamba na tena mali ya kubadilishana. Hatusemi kwamba kila mtu alipata haki yake. Twasema tu kwamba kazi na mafunzo vilikaa mahali pamoja.

Utawala wa kigeni ulivitenga. Wajerumani walijenga boma lao Kasanga, wakapaita Bismarckburg, wakatoza kodi. Waingereza waliowafuata hawakuiondoa. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Basi vijana wakaondoka. Wengine walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba; wengine machimbo ya dhahabu ya Lupa; wengine wakavuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu 1964 ni Zambia. Huko walipata ujira, lakini mkata mkonge alirudi na ufundi gani wa kumfaa katika nchi isiyo na mkonge?

Upande wa pili walikuwapo Mapadri Weupe, waliofika Karema mwaka 1885 na baadaye kueneza misheni na shule zao katika nyanda za juu. Shuleni kijana alipata kusoma na kuandika, lakini hakupata shilingi ya kodi, na shamba la baba yake lilipungukiwa na mikono. Hivyo Mfipa akajikuta mbele ya njia mbili: kazi yenye ujira isiyofunza, na mafunzo yasiyo na ujira. Katika miaka hiyo hiyo chuma cha dukani kiliyashinda malungu, nayo yakazimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Tukiwa na historia hiyo mkononi, na turudi Marekani. Kwa miaka mingi vyuo vya huko vilimpa mchezaji nafasi ya masomo, chakula na malazi, lakini chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikataza asilipwe, kwa hoja kwamba yeye ni mchezaji wa ridhaa. Hata hivyo tiketi ziliuzwa, na haki za televisheni zilileta mamilioni ya dola. Waliokuwa na vipaji vikubwa waliruka ukuta huo: Kevin Garnett mwaka 1995, Kobe Bryant mwaka 1996 na LeBron James mwaka 2003 walitoka shule za sekondari moja kwa moja hadi NBA. Mwaka 2005 ligi na chama cha wachezaji walipatana kuufunga mlango huo. Tangu uteuzi wa 2006, kijana wa Marekani ilimpasa afikie umri wa miaka 19 na mwaka mmoja upite tangu darasa lake limalize sekondari.

Mwaka huo wa kungoja ndio uliompeleka Jennings Ulaya. Mwaka 2008 alijiunga na klabu ya Lottomatica Roma. Hakuwa nyota huko. Alicheza dakika chache, na kila siku alifanya mazoezi na watu wazima ambao mchezo ndio ulioilisha jamaa yao. Aliporudi, akiwa na klabu ya Milwaukee Bucks, alifunga pointi 55 katika mchezo mmoja tarehe 14 Novemba 2009, kabla ya mwezi wake wa kwanza wa ligi kwisha. Wengi wakasema kwamba ujira umeishinda elimu.

Lakini Jeremy Tyler wa San Diego aliiacha sekondari kabla ya kuimaliza, akaenda Maccabi Haifa ya Israeli mwaka huo huo wa 2009. Alilipwa pia, ila alirejea kwao kabla ya msimu kwisha. Alipoteuliwa mwaka 2011, alikuwa wa 39. Mshahara ulikuwapo katika habari zote mbili. Kwa hiyo siyo mshahara uliowatofautisha.

Wala chuo peke yake si dhamana. Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, aliuanza mchezo huo akiwa kijana mkubwa. Miaka mitatu ya Chuo Kikuu cha Connecticut ilimtoa katika unagenzi ikamfikisha katika nafasi ya pili ya uteuzi, naye akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Hilo ni tendo kubwa la mafunzo. Hata hivyo Februari 2010 klabu yake ya Memphis Grizzlies ilimpeleka kwa muda katika ligi ya chini, na msimu wake wa mwisho wa NBA ulikuwa wa 2013–14.

Aliyekaribia zaidi ilungu la Ufipa ni Rubio. Oktoba 2005, kabla ya kutimiza miaka 15, alicheza katika ligi kuu ya Hispania kwa klabu ya Joventut ya Badalona, iliyomlea. Alijifunza ndani ya kazi yenyewe. Lakini fundi naye alidai chake: mkataba ulimfunga Rubio, klabu ya Barcelona ikamnunua mwaka 2009, na hakufika NBA mpaka 2011.

Tangu hapo ukuta wa vyuo umeporomoka. Juni 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba NCAA haikuwa na haki ya kuwekea mipaka misaada ya kimasomo kwa wachezaji. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo aliruhusiwa kuchuma kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kumlipa vyenyewe. Matokeo yake, sasa vijana wa Ulaya wanaviacha vilabu vyao na kwenda kwenye vyuo vya Marekani. Njia imegeuka, kwa sababu mahali pamoja pameanza tena kutoa vyote viwili.

Wazee wetu husema mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo ni kweli, ila haisemi lolote juu ya yule aliyechuma juani na kivulini akala mwingine. Mzazi wa Sumbawanga anapoletewa mkataba wa mwanawe, uwe wa mpira, wa mgodi au wa ng'ambo, asiulize tu kama ni shule au ni fedha. Na aulize: Je, kazi hii inamfunza nini? Matunda yake yanabaki kwa nani? Na siku itakapokwisha, atarudi na kitu gani mikononi? Manamba wengi wa Ufipa waliondoka bila mtu wa kuwaulizia maswali hayo.